Doa la Kidole Gumba

Jumapili, saa tisa alasiri

Dada yangu mpendwa,

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mto wangu wa kulalia haulijui: maneno yaliyomfukuza Msasa hapa nyumbani yalitoka kinywani mwangu, na yalikuwa ya uongo.

Haya, nimeyaandika. Sasa naweza kukusalimu kama mtu mwenye adabu. U hali gani, dada? Shemeji hajambo? Na huyo mpwa wangu ameshasimama, au bado anatambaa kinyumenyume kama ulivyonieleza? Kifua chako kimepoa? Sisi huku wazima, ukiuliza harakaharaka. Ukiuliza polepole jibu ni refu, ndiyo maana nimetwaa karatasi za daftari badala ya ile kadi uliyoniachia. Mwalimu wetu wa ile lugha nyingine hutufundisha kwamba barua ianze na lengo, ifuate sababu, imalizie shukrani. Jana nilijaribu kukuandikia kwa lugha hiyo. Barua ilitoka safi, haina kosa hata moja, na haikusema kitu. Nikaichana. Yapo mambo hayatoki ila kwa lugha uliyogombezewa nayo utotoni.

Naandika chumbani kwetu, atlasi iko karibu. Nikisikia mtu, naifunika barua kwa atlasi na kujifanya natafuta mito na milima.

Wewe uliondoka mama akiwa bado anatia rangi kwa moto tu. Unakumbuka: kipande cha shaba juu ya tofali, kichomeo cha gesi kinapita taratibu, shaba inakuwa ya njano, halafu nyekundu, halafu zambarau, halafu buluu, na ukichelewa pumzi moja inageuka kijivu na kazi imekufa. Siku hizi kuna kazi ya ndoo. Vipande vinaoshwa kwa ndimu na chumvi, vinasuguliwa, vinasuuzwa, vinanyunyiziwa maji ya chumvi, halafu vinaning'inizwa kwa uzi ndani ya ndoo ambayo chini yake kuna maranda yaliyolowa amonia. Tunafunika, tunazungushia utepe, mimi naenda shule. Nikirudi tunafungua, na harufu inayotoka humo ingeweza kumfufua mtu aliyezimia na kumzimisha aliye macho. Lakini rangi, dada! Buluu iliyoingiliwa na kijani, kama ukuta wa zamani ulionyeshewa miaka mingi. Hakuna hereni mbili zinazofanana. Mama anazipaka nta ili rangi isibanduke. Mwenye duka la vito alipoziona mara ya kwanza alisahau kufunga mdomo, akaagiza jozi arobaini.

Kazi hii ina mwiko mmoja tu. Kipande kikishaoshwa hakiguswi kwa kidole. Kinashikwa kwa koleo, basi. Ngozi ina mafuta hata ukiisugua kwa sabuni ya kufulia, na palipopita mafuta rangi haishiki; panabaki doa la shaba tupu, umbo lilelile la kidole kilichogusa. Kujua kama kipande ni safi unatumia maji. Unakichovya, unakiinua. Maji yakitanda juu yake kama shuka, kiko tayari. Yakijikusanya matonematone, rudi ukaoshe. Mama alikuwa akituambia kila siku kwamba katika kazi hii macho ndiyo yanayogusa, mikono isubiri.

Basi madoa yakaanza. Kwanza hereni moja, tukasema bahati mbaya. Halafu nne kwa mpigo. Yote ukubwa wa kidole gumba, yote katikati ya kipande kabisa, pale ambapo mtu hagusi kwa bahati mbaya. Mwenye duka alirudisha jozi sita akituma neno kwamba yeye aliagiza vito, hakuagiza nyayo za panya. Kwa upole uleule unaotisha, aliongeza kwamba yuko fundi mwingine upande wa pili wa mji anayejua kuosha mikono. Mama hakula siku ile.

Hapo nyumba yetu ikageuka, dada. Mjomba, unamjua, anapeleka mzigo madukani na njia nzima anasikiliza visa vya upelelezi redioni. Alifurahi kama mtu aliyepata ajira. Alianza kwa kumwaga ule unga mweupe wa kung'arishia kwenye kizingiti cha karakana ili tuone nyayo za mhalifu. Asubuhi tukakuta nyayo kweli, zimeingia, zimezunguka meza na kutoka. Mjomba alipiga magoti, akapima, akatikisa kichwa, akasema huyu ni mtu mzito, anaburuta mguu wa kushoto. Mama akamuuliza yeye mwenyewe alikuwa amevaa nini alipoingia kuchukua koti lake. Tulicheka siku hiyo, na nadhani ndiyo siku ya mwisho tuliyocheka pamoja.

Msasa alicheka kuliko wote. Jina hilo alipewa na mjomba baada ya wewe kuondoka, kwa sababu ya sauti yake ya kukwaruza, na kwa sababu hakuna aliyesugua shaba ikatakata kama yeye. Huyo ndiye rafiki yako uliyetuletea wewe mwenyewe, ukamwambia mama unamwachia binti mwingine mahali pako. Naomba usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Sikumpenda. Si kwamba alinikosea. Alinisalimu, alinitania, aliniita Kobe kama mjomba anavyoniita, eti naingiza kichwa ndani kila mgeni akibisha. Shida ni kwamba zamani mama akichoma shaba alikuwa akiniita mimi nikae kwenye kigoda nitazame. Sasa akawa anamwita Msasa asimame begani kwake. Na Msasa alikuwa akimtajia rangi kwa sauti ya chini: sasa njano, sasa nyekundu, zambarau inaingia, toa mama, toa. Niliwasikiliza kutoka ukumbini nikajiambia kwamba anafundishwa. Anaachiwa kazi. Mimi nitaachiwa atlasi.

Halafu kulikuwa na daftari. Kijitabu chenye jalada la kijani, alichokitia kwenye mfuko wa aproni kila nilipotokea. Nilimwona mara tatu akiandika baada ya mama kupima amonia. Nikamshuku, dada, na shaka ikishapata kiti haisimami kumpisha mtu. Akifika mapema, nasema kwa nini mapema. Akichelewa, nasema alikuwa wapi. Akiniuliza kuhusu shule, naona ananipima kama najua kitu. Nilihesabu hata ndimu.

Naomba nisimame kidogo, kuna mtu.

Alikuwa mjomba. Amechungulia, ameniuliza kama nimeshaupata huo mto ninaoutafuta tangu mchana. Nimemwambia bado. Amesema mito haihami, akaenda zake. Naendelea.

Siku moja mjomba alikuja na wino wa muhuri na karatasi nyeupe. Alitangaza kwamba kila mtu atatia dole gumba ili alama zilinganishwe na madoa. Mimi nikatia, Msasa akatia huku akiuliza kama atapewa na kitambulisho, mjomba mwenyewe akatia kwa haki. Mama hakutia. Mjomba alisema mwenye nyumba hajiibii, na mama naye akasema dole lake lilishakataliwa na serikali. Unakikumbuka kile kisa cha ofisi ya vitambulisho, mashine ilipogoma mara saba, karani akamwambia hana alama, na mama akamwomba basi amwandikie cheti cha ujini? Alikirudia chote, na sauti ya karani pia. Halafu ghafla akageuka, akaanza kupanga koleo zake.

Alama zetu hazikusaidia kitu. Madoa kwenye shaba yalikuwa matupu, laini, hayana mistari. Mjomba akasema mhalifu ameyafuta kwa ujanja. Lakini gumba la Msasa lina kovu la mkato wa msumeno, na mjomba aliinua hereni moja dirishani akasema anauona mkato huo. Aliniuliza kama na mimi nauona. Nilitazama. Hakukuwa na kitu. Nilitazama tena, kwa nguvu, mpaka nikaona.

Jioni ile mama aliniita peke yangu. Aliniuliza kama nimewahi kumwona Msasa akishika vipande vilivyooshwa. Ningeweza kusema sijui. Neno hilo nalitumia darasani kila siku, hata ninapojua. Lakini siku hiyo Kobe alitoa kichwa. Nikasema ndiyo, nimemwona Jumanne, ameshika kwa mkono mtupu, akatazama mlangoni. Mama alinigeuzia uso na kuniuliza kama niliona kwa macho yangu mwenyewe. Nikajibu kwa macho yangu mwenyewe. Aliweka mikono magotini. Mwishowe akasema basi.

Msasa hakupigana. Nilitegemea atanitazama kwa hasira nipate sababu ya kumchukia vizuri, lakini alivua aproni, akaikunja, akaikunjua tena, akaitundika kwenye msumari wake. Alimwambia mama ajihadhari na ule moshi wa ndoo. Kwangu akasema, Kobe, usisahau kumsomea mama kabla hujaenda shule. Nilidhani ni kejeli. Nimsomee nini, mama ana miaka mingapi?

Wiki mbili zimepita. Kazi ya kuosha ilihamia kwangu, na nilijivuna kama jogoo. Jumatatu niliosha vipande kumi na viwili, nikavichovya, maji yakatanda kama shuka kwenye vyote, nikavipanga juu ya kitambaa kwa koleo, nikamwambia mama viko tayari kuning'inizwa. Nikaenda kuvaa sare. Niliporudi kutoka shuleni tukafungua ndoo.

Vipande vitano vilikuwa na doa.

Msasa hayupo. Mjomba alikuwa safarini siku ya nne. Nilitafuta mtu wa kumshuku kama anayetafuta ufunguo mfukoni mwa koti asilolivaa. Nikajishuku mwenyewe, huenda naamka na kutembea nikiwa usingizini. Nikachukua lenzi ya mama, nikakitazama kidani kikubwa kuliko vyote. Doa lilikuwa kamili, la mviringo, limekaa kama mwezi. Nikatia dole langu kwenye shaba nyingine nikalinganisha. Langu lina mistari kama shamba lililolimwa. Lile halikuwa na hata mmoja. Halikufutwa. Ni dole ambalo halina mistari kabisa, dole ambalo miaka ishirini ya kusugua shaba imeilamba mistari yake yote, mpaka mashine ya serikali ikagoma mara saba.

Nikamshuku mama yangu, dada. Ndiyo, na mimi ni mtoto wake wa kumzaa. Nilidhani anaharibu kazi makusudi. Nilidhani alitaka kumwondoa Msasa akanitumia mimi kuwa shahidi wake. Nimelala siku mbili na wazo hilo.

Alhamisi nilitoka shule mapema, nikaingia kwa mlango wa nyuma bila viatu, nikasimama nyuma ya pazia la karakana. Mama alikuwa ameosha vipande mwenyewe. Alichovya kimoja, akakiinua, akakisogeza dirishani. Akakileta karibu na jicho la kulia, karibu kabisa, mpaka kope zikaigusa shaba. Akakihamishia la kushoto. Akakiinamisha huku na huku, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ndefu. Halafu akashusha pumzi, akageuza uso kando, akapitisha gumba katikati ya shaba, taratibu, akitega sikio. Shaba safi hulia ukiisugua kwa ngozi, kilio kidogo chembamba, unakijua. Ililia. Akatikisa kichwa kuridhika, akaitundika. Akachukua ya pili.

Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba macho ndiyo yanayogusa. Na sasa hana mengine ya kugusia ila vidole. Nadhani anaamini gumba lililokwisha mistari haliachi alama, hajui madoa ni yake. Hayaoni yale madoa, dada. Anatusikia sisi tukiyapigia kelele.

Nilitaka kukimbia. Ubao wa sakafu ukalia chini ya mguu wangu. Mama aligeuka, akatabasamu, akauliza mbona leo mapema, shule imeungua? Lakini hakunigeukia mimi. Aliigeukia aproni ya Msasa pale msumarini. Akaiambia kwamba chai iko jikoni. Akasubiri. Akaiambia, Kobe, leo umefungia hadi salamu? Akacheka kidogo, akarudi kwenye ndoo yake. Na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nimeziba mdomo kwa mkono. Nilimwacha mama yangu azungumze na aproni, nikatoka kama nilivyoingia.

Hilo ndilo la pili ambalo sijamwambia mtu, na linanichoma kuliko la kwanza.

Jana, alipokuwa amejilaza, niliitoa ile aproni msumarini. Daftari la kijani lilikuwa bado mfukoni, Msasa aliliacha. Nilikaa nalo sakafuni. Kila ukurasa una mstari mmoja tu, herufi kubwa kama vidole, za kalamu nzito nyeusi. AMONIA VIKOMBE VIWILI. Ukurasa mwingine: ZAMBARAU, HESABU KUMI NA NANE KUTOKA MOTO WA KWANZA. Mwingine: KOLEO KUBWA KULIA, NDOGO KUSHOTO, MTU ASISOGEZE. Hakuwa mwizi wa siri zetu. Alikuwa anazikuza ili mama azisome. Na kwenye kurasa za mwisho herufi zimekuwa kubwa zaidi, neno moja moja, mpaka ukurasa wa mwisho kabisa umeachwa mtupu. Nadhani hapo ndipo Msasa alipoanza kumsomea kila asubuhi.

Alijua, akanyamaza. Neno moja tu lingemsafisha mbele ya mjomba, na hakulitoa, kwa sababu lingemvua mama nguo mbele yetu. Na mama je, alijua kiasi gani aliponiuliza kama niliona kwa macho yangu mwenyewe? Nimejiuliza mpaka kichwa kimechoka. Labda alitumaini nitasema hapana. Labda aliniamini tu, kwa vile mtu asiyeona lazima amwamini anayeona. Sijui lipi ni baya zaidi.

Ijumaa nilimuuliza muuguzi wa shule, nikajifanya ni swali la somo. Alisema huenda ni mtoto wa jicho, na kwamba huondolewa, lakini daktari hawezi kutibu jicho ambalo mwenyewe anasema halina kitu. Sasa nakuomba mambo mawili. La kwanza, njoo. Mimi mama ataniambia nina maneno ya shuleni, lakini wewe anakuogopa kidogo. La pili, unajua Msasa anakaa wapi. Mpelekee karatasi hizi azisome zote, asifichwe hata sehemu niliyoandika sikumpenda. Mwambie aproni yake iko msumarini na hakuna aliyeivaa. Akikataa kurudi ana haki, lakini aje japo mlangoni nimwombe radhi nikimtazama usoni, jambo ambalo unajua kwangu ni kazi. Mjomba nitamwambia mwenyewe kesho akirudi kutoka dukani. Najua atasema alishuku tangu mwanzo.

Nisalimie shemeji. Mbusu mpwa wangu kisigino, maana ndicho kinachotangulia anapokuja kwako. Nawatakia afya, na wewe usinywe maji ya baridi na kifua hicho. Usinijibu kwa kadi. Njoo mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,

Kobe

Nilikuwa nakunja karatasi nikasikia nyayo ukumbini. Si za mjomba, haziburuti. Ni kandambili, hatua fupifupi, na katikati ya kila hatua kuna sauti ya kiganja kikipapasa ukuta. Sauti hiyo nimeisikia miezi mingi bila kujiuliza ni ya nini.

Mkono wangu ulishaishika atlasi. Nimeiachia. Hawezi kuzisoma hizi karatasi hata nikimshikia mbele ya pua, na hiyo ndiyo sababu sitaki kuzificha tena. Nimezikunjua, nimezipanga mezani kuanzia ile ya kwanza. Nitamsomea, kama nilivyoagizwa, tangu pale ninapoanza na jambo ambalo sijamwambia mtu.

Amefika mlangoni. Anauliza, Kobe, upo humo?

Nimeitika.